Mzee Miiba na Bustani ya Katikati ya Mzunguko

Padre Anselmo, Doña Otilia mjane wetu, Rosendo na Amparo, wafanyakazi wa idara ya bustani, majirani wa mtaa wa Calvario na nyote mliokuja kumsindikiza mzee wetu, mimi ni Nereida Olvera, binti wa ubatizo wa marehemu, na familia imeniomba nisome historia ya maisha yake kwa kuwa Rosendo akifungua kinywa tu machozi yanamtangulia, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba nisome kwa namna yangu, na mkiniona nabadilisha mguu kila mara mnivumilie, maana huu wa kulia wenye vyuma mnaufahamu, na leo haujatulia hata kidogo.

Kabla sijaanza nina neno, na halingoji. Nimepita hapo nje sasa hivi nikaona vijana wa idara ya bustani wameshapeleka meza katikati ya mzunguko wa barabara, wameitandika kitambaa cheupe, wameipamba maua ya rangi ya chungwa, na watu wa tarumbeta wamejipanga kando yake wakipasha midomo, eti tukitoka hapa tumpeleke Don Tello akaagwe ndani ya bustani aliyoipanda kwa mikono yake. Najua ni mapenzi, wala siwalaumu. Lakini nisikilizeni kwanza, halafu mtaniambia wenyewe kama jeneza hili ni la kuvushwa kwenda kule.

Marehemu Eleuterio Barragán Ledezma, ambaye sote tulimwita Don Tello, alizaliwa tarehe 20 Februari 1949 katika shamba la La Huizachera, nje kidogo ya mji wetu huu wa San Blas del Mezquite, akiwa mtoto wa tano kati ya watoto saba wa Don Abundio Barragán na Doña Refugio Ledezma, wote wawili wametangulia mbele ya haki, na kwa kuwa alizaliwa siku ya Mtakatifu Eleuterio hapakuwa na mjadala wa jina, mama yake akawaambia waliolalamika kwamba ni zito, "Mtakatifu kaja na jina lake mkononi, sisi ni akina nani tumrudishe?"

Alisoma shule ya msingi ya hapo shambani kuanzia mwaka 1956 hadi 1962, akamaliza darasa la sita, na mwalimu wake alizoea kumwambia Don Abundio kwamba mtoto huyu ana akili lakini kitako chake hakijui kiti, maana akiitwa ubaoni hayupo, akitafutwa yuko nyuma ya darasa anapandikiza tawi la waridi kwenye shina la waridi jingine, na hivyo ndivyo alivyokuwa mpaka juzi, mtu wa kuinuka, mtu wa kwenda kuangalia, mtu ambaye Doña Otilia alimwambia miaka hamsini, "Eleuterio, tulia basi, hata mti hukaa mahali pamoja!"

Baada ya shule alifanya kazi kwenye tanuri la matofali pamoja na kaka zake tangu mwaka 1963, kisha tarehe 3 Februari 1971 akaajiriwa na idara ya bustani ya mji kama mwagiliaji, akapanda cheo kidogo kidogo, akawa mkuu wa idara hiyo mwaka 1994, na miti ya jakaranda mnayoegeshea magari yenu hapo nje, nyinyi nyote mliokuja na magari, ni yeye aliyeipanda.

Ndoa yake na Doña Otilia Zúñiga ilifungwa katika kanisa hili hili tarehe 15 Juni 1974, na jinsi walivyopatana wazee wanaikumbuka, maana zama zile Jumapili jioni vijana walizunguka uwanja wa kanisa, wasichana wakienda upande huu na wavulana upande ule, wakipishana na kutupiana macho, na kijana akimpenda msichana alimpa ua, akilipokea ndipo kijana aligeuka wakaenda pamoja, sasa Don Tello hakuwa na subira hiyo, aliacha safu ya wavulana bila ua wala salamu, akageukia upande wa pili katikati ya wasichana akaanza kutembea ubavuni mwa Otilia, na Otilia akamwambia, "We kaka, umepotea njia?" naye akajibu, "Sijapotea, nimefika." Ua alilipeleka kesho yake, na mzizi wake. Mzunguko ule, ndugu zangu, ulikuwa wa watu na miguu yao, na haukumuumiza yeyote.

Walijaliwa watoto wawili, Rosendo aliyezaliwa tarehe 8 Machi 1975 na Amparo aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1979, na mimi naweza kujihesabu wa tatu, maana nilizaliwa tarehe 12 Mei 1990 kwa Cirilo Olvera, rafiki yake wa tanuri la matofali, na Don Tello ndiye aliyenishika kwenye maji ya ubatizo, akawa kompadre wa baba yangu, yaani ndugu yake wa ubatizo, na baba alipofariki nikiwa darasa la pili, alikuja nyumbani asubuhi moja, akasimama mlangoni bila kuingia, akamwambia mama, "Kuanzia leo viatu vya shule vya huyu usiviulize." Sikuwahi kwenda shule peku.

Rosendo, usiiangalie saa, nafika.

Mwaka 2001 mji ulijenga mzunguko pale barabara ya kwenda León inapokutana na mitaa yetu mitatu, na katikati wakaacha duara kubwa la udongo mtupu, ndipo Don Tello akaitwa apande chochote cha kufunika vumbi. Chochote! Kwa Don Tello! Alipanda waridi za rangi zote, akatandaza njia ya mawe, akaweka mabenchi ya chuma na chemchemi yenye malaika, na siku ilipozinduliwa, tarehe 16 Septemba 2002, watu walilia kwa uzuri wake, na tangu siku hiyo ikawa desturi ya mji kwamba bibi harusi akitoka kanisani na msichana akitimiza miaka kumi na mitano wapelekwe katikati ya mzunguko wakapigwe picha, na asiyekuwa na picha ya pale ni kama hakuolewa.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo yeye mwenyewe alilisema mbele ya kila aliyetaka kusikia, kwa hiyo simvunjii heshima. Wakati wa ujenzi alikuja injinia kutoka makao makuu ya jimbo, Injinia Graciela Montaño, ambaye yupo hapa leo, pale karibu na nguzo, akamwambia kwamba katikati ya mzunguko hapafai kuwa mahali pa watu, pawekwe kitu cha kutazamwa kwa mbali tu, na vivuko vya waenda kwa miguu visogezwe nyuma kidogo ya kila mdomo wa barabara, pale inapoingia mzungukoni, nafasi ya gari moja, ili dereva akishamaliza kuangalia magari ndipo akutane na mtu, na Don Tello alicheka, akamjibu mbele ya mafundi wote, "Injinia, wewe unapiga picha ya harusi kando ya zebra?" Mafundi wakafa kwa kicheko, zebra zikachorwa midomoni kabisa mwa mzunguko, na bustani ikabaki kama ilivyo.

Tarehe 14 Mei 2005, siku ya Jumamosi, nilifanyiwa sherehe yangu ya miaka kumi na mitano, na Don Tello ndiye aliyekuwa mdhamini wa viatu, yaani yeye ndiye anayemvua binti viatu vya kitoto na kumvalisha vya mchuchumio kwa mara ya kwanza, jambo ambalo kwa kawaida hufanywa ukumbini usiku, lakini mpiga picha Fermín alisema mwanga wa mchana ni mzuri na waridi zimechanua, basi tukavuka, nikaketi kwenye benchi kwenye gauni langu la buluu lenye pete za waya ndani, pana kuliko mlango huu, na yule mzee akapiga magoti kwenye mawe aliyoyapanga mwenyewe, akanivalisha viatu vyeupe, akaniambia, "Haya, mama mkubwa, tembea tuone." Nikatembea. Tulipiga picha, tukacheka, kisha tukaanza kuvuka kurudi upande wa mtaa wa Calvario.

Mnaujua mzunguko. Gari linazunguka, hakuna anayejua litatokea mdomo upi, hata dereva mwenyewe mara nyingine hajui, na anayetoka huongeza mwendo kwa sababu njia imefunguka mbele yake na moyo wake umeshafika nyumbani. Niliona gari la kubebea mizigo likizunguka nikadhani linaendelea, likakata ghafla kuingia Calvario, wenzangu wakakimbia, na mimi na gauni lile na viatu vile ningekimbiaje? Dereva simtaji wala sina kinyongo naye, alikuwa akimtazama wa mbele yake kama mnavyofanya nyinyi nyote. Nakumbuka tu waya za gauni zikilia.

Nilikaa hospitali miezi minne, nikapasuliwa mara tatu, na kila siku Don Tello alikuja na kiatu kimoja cheupe, maana cha pili hakikuonekana, akakaa nacho mapajani bila kusema, mpaka nikamkasirikia, nikamwambia, "Baba, sema kitu au uondoke," ndipo akasema, na maneno yake nayakumbuka yote, "Binti yangu, nilitengeneza sebule katikati ya barabara, halafu nikakaribisha wageni." Nililia sana siku ile, wala si kwa mguu.

Agosti ya mwaka huo huo, kabla sijatoka hospitali, Don Tello mwenyewe, mkuu wa idara ya bustani, alichukua sururu akang'oa njia ya mawe, akafungua mabenchi, akakata waridi zote za pembeni, na mji ukamgeukia. Mnakumbuka? Msijifanye hamkumbuki. Mabibi harusi walilia, muuza maputo akaja mlangoni kwake na kelele, Fermín akamwambia, "Tello, msichana mmoja kaumia, ndiyo uwaue wengine kwa njaa?" na halmashauri ikaamuru mabenchi yarudishwe, yakarudishwa, naye akapanda mikonge na mipungate kuzunguka duara zima, miiba ya urefu wa kidole, mtu asipate pa kupenya, wakaikata, akapanda tena, wakamwondoa ukuu wakampeleka kumwagilia miti ya makaburini, akawa anaondoka makaburini alasiri na miche kwenye toroli, anapanda tena. Ndipo watoto wakaanza kumwita Mzee Miiba, na watoto hawakulitunga jina hilo, walilisikia mezani kwenu.

Alistaafu mwaka 2011, na mtu mwingine angekaa kibarazani na kahawa yake, lakini huyu kila Jumamosi alisimama kwenye mdomo wa Calvario na kitambaa chekundu, akazuia magari watu wapite, kwa kuwa mabibi harusi walikuwa bado wanapenya kwenye miiba kufuata picha, na madereva walipunguza mwendo, si kwa heshima, bali wapate kushusha kioo na kumpigia kelele kama mcheza na fahali uwanjani, "Olé! Don Tello, ng'ombe yuko wapi?" naye akajibu bila kugeuka, "Ng'ombe ndiye anayeuliza, pembe zake naziona kwenye boneti." Padre unisamehe, lakini ndivyo alivyosema, na Doña Otilia anacheka, afadhali.

Mwaka 2012 alipanda basi peke yake hadi makao makuu ya jimbo, akamtafuta Injinia Montaño, na Injinia mwenyewe amenisimulia kwamba alimkuta mzee amesimama mlangoni na mche wa waridi kwenye kopo, kofia kifuani, akasema, "Nilikucheka. Nimekuja unicheke na wewe, halafu unisaidie." Injinia hakumcheka. Alikuja, akapima, akahojiana na halmashauri mwaka mzima, na mwaka 2014 midomo mitatu kati ya minne ikapata vivuko vilivyoinuliwa juu kama tuta pana, nyuma kwa nafasi ya gari moja, penye kisiwa kidogo cha kusimama katikati, na tangu hapo kwenye midomo hiyo mitatu hajagongwa mtu, nyinyi wenyewe ni mashahidi, na mabenchi yakaondolewa, na Fermín akaanza kupiga picha kwenye ngazi za kanisa akagundua kwamba pesa ni zile zile.

Mdomo wa nne ni wa Calvario. Huo haukujengwa, wenye maduka walisema malori yao yatashushaje mizigo, halmashauri ikasema tutaona, na mpaka leo tunaona. Ni mdomo wa watoto wa shule, ni mdomo wa kwenda makaburini, na ni mdomo wangu mimi. Hapo ndipo roho ya mzee ilipokataa kutulia, miaka kumi, nikimwambia, "Baba, mitatu si haba," anainuka, anavaa kofia, anatoka.

Kisukari kilimwanza mwaka 2015, mwaka 2021 figo zikachoka, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki katika kliniki iliyo upande wa pili wa mzunguko, na alikataa kupelekwa kwa gari, alitembea, akazunguka kwa mbali kupitia vivuko vyake vitatu, nami nikimshika mkono, au yeye akinishika mimi, hatukujua nani kamshika nani, na juzi Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa nyumbani kwake, Doña Otilia na Amparo wakiwa pembeni, akamwomba mkewe amfungulie dirisha aone kama mvua imenyesha kwenye miche, dirisha lilipofunguliwa alikuwa ameshatutoka, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, na mimi.

Sasa ile meza. Mwezi Agosti alituita, Doña Otilia na mimi, kwa sababu aliwajua watu wake, akasema, "Nikifa watataka kunipeleka kwenye bustani. Waambieni wakinivusha kwenda katikati, nitafufuka niwafukuze mmoja mmoja." Tukacheka, yeye hakucheka. Akasema, "Sitaki mtu hata mmoja akanyage barabara ile kwa ajili ya waridi zangu, hata mzigo wake ukiwa ni mimi." Ponciano, wewe ndiye uliyerithi kazi yake, nakuona hapo mlangoni na najua meza ni ya kwako, na najua ulimpenda, maana alikufundisha kushika mkasi. Nenda kaitoe, mwanangu. Waambie na watu wa tarumbeta warudi huku. Na mpitie kwenye kivuko, msikate katikati, nitawaona kupitia mlango huu.

Asante, Ponciano.

Wakati anakwenda, kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya figo, waliomvumilia mgonjwa aliyekuwa akiinuka kabla sindano haijatoka, nawashukuru majirani wa Calvario waliopika, waliokesha na kusali rozari, hata nyinyi mliompigia kelele na leo mmeleta maua, yamepokelewa kwa moyo mweupe, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa idara ya bustani, namshukuru Injinia Graciela Montaño aliyesafiri tangu asubuhi, na nakushukuru wewe, katibu wa halmashauri, ambaye umekaa safu ya tatu na umeinamisha kichwa tangu nilipotaja mdomo wa nne, usihofu, leo sikuombi chochote, ila utembee pamoja nasi.

Maana tutatembea. Makaburi yako Calvario na hakuna njia nyingine, kwa hiyo tutavuka pale pale, nyuma ya mdomo kwa nafasi ya gari moja, mahali ambapo kivuko kingekuwa, jeneza mbele, watu sita wamebeba, na mbele ya jeneza nitakuwa mimi na fimbo yangu, kitambaa chekundu nimepewa na Doña Otilia, kiko hapa. Hakuna atakayenipita, hakuna atakayeniambia niharakishe, mwendo wa leo ni mwendo wa mguu huu, na magari yatangoja, yote, mpaka mtu wa mwisho na mtoto wa mwisho wawe wamefika upande wa pili, na atakayepiga honi apige, mzee aliizoea.

Baba yangu wa ubatizo, uliniambia nitembee uone, haya, natembea. Sasa kaa, tulia, hakuna tena wa kukuinua. Pumzika kwa amani, Don Tello.